Kanisa la Mwerezi Halikuwa Gofu

Kabla hamjauza zile nguzo kuukuu za ua wa babu yenu kwa mama wa chapati, nisikilizeni kwanza. Naliona jambo hili kila mara. Kijana amerithi shamba, anataka ua wa kisasa, anang'oa nguzo za mwerezi zilizosimama ardhini tangu baba yake akiwa anatambaa, anazikatakata na kuziuza kuni. Mahali pake anasimika mkaratusi ambao mchwa watakuwa wameumaliza kabla mtoto wake hajatoka shule ya msingi. Halafu anajiita mtu wa maendeleo. Nikipita hapo damu inanichemka, na mke wangu hunivuta shati nisiingie kwa boma la watu kugombana.

Mimi ni Odhiambo, fundi wa paa, mstaafu. Nilizaliwa kwenye laini za shamba la chai, zile nyumba za safu za wafanyakazi, kwa baba aliyekuja kutoka upande wa ziwa kuchuma majani kwa muda kidogo tu, kama walivyosema wote, na hakurudi tena. Shamba liliniajiri idara ya majengo. Nimepiga mabati ya nyumba za wafanyakazi, ya stoo, ya vyoo, na sina la kusimulia kuhusu mabati. Bati ni bati. Kazi iliyonifanya niitwe fundi ni paa moja, la kanisa la mawe lililo juu ya kilima, ukitoka Kapsoit ukielekea Sigowet. Jina la kanisa sitalitaja. Mnaolijua mnalijua, maana wengi wenu mmepiga picha za harusi pale.

Paa hilo lilikuwa la vigae vya mwerezi, na aliyenifundisha kulitunza ni Mzee arap Sigei, mmoja wa waliolijenga. Siku ya kwanza nilifika na msumeno mpya, nimeutia mafuta unang'aa. Akautazama.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kukata vigae, mzee."

"Rudisha nyumbani, bibi yako akate nayo sabuni."

Kigae hakikatwi, vijana. Kigae kinapasuliwa. Arap Sigei alikuwa na chuma kirefu, butu, alichofuliwa na mhunzi kutoka kwa springi ya lori. Unakiweka juu ya kipande cha mwerezi, unakigonga kwa rungu, halafu unakizungusha mkono polepole mpaka mti uachie wenyewe. "Mti iko na njia yake ndani," aliniambia. "Wewe fuata njia. Ukikata na msumeno, umefungulia maji mlango." Na kwa sababu kukata mwerezi msituni ni marufuku, tulipasua nguzo za ua. Sasa mmeelewa kwa nini nilianza na hasira ya nguzo.

Kwenye misumari ndiko alikonitesa zaidi. Ukigonga msumari mpaka kichwa kizame, umekinyonga kigae. Mvua ikija kitavimba, kikikosa nafasi kitapasuka katikati. Kila jioni arap Sigei alipanda akapitisha ukucha wake chini ya kichwa cha kila msumari nilioupiga. Ukucha usipopita, anaung'oa na kuutupa chini. Kuna jioni nilishuka nikakuta kazi yangu yote ya siku imelala kwenye nyasi. Nilitaka kulia. Yeye alikuwa anakunywa mursik, maziwa ya kugandishwa, kwenye kibuyu, ametulia, akaniuliza kama kwetu ziwani tunapigilia mitumbwi namna hiyo.

Lakini mkikaa chini ya paa hilo mvua ya mawe ikinyesha, mtamsamehe arap Sigei kila kitu. Mnazijua mvua zetu za mchana. Kwenye makanisa ya mabati mhubiri ananyamaza, kwaya inanyamaza, watu wanatazamana. Chini ya mwerezi ungemsikia mtoto akipiga kwikwi benchi la nyuma. Mawe yanaanguka huko juu na hayakuhusu.

Na kuta zake? Mawe yale yalipandishwa kutoka mtoni na wanawake, kwa mgongo, kamba kwenye paji la uso. Wanawake wa Kipsigis wenye mashamba yao na wanawake wa laini wasio na hata jembe la kwao, wote kwenye njia moja. Gogo Taprandich, yaani nyanya Taprandich kwa Kipsigis, ambaye nitawaambia habari zake sasa hivi, alikuwa msichana wakati huo, akibeba changarawe kwa kikapu. Sisi watu wa laini hatuna kaburi la babu hapa. Nyumba tulizoishi zilikuwa za shamba, na ukistaafu unarudisha ufunguo. Kanisa lile ndilo kitu pekee kwenye vilima hivi kinachosema mama yangu alipita hapa na alibeba jiwe. Kwa hiyo mtu akiniambia ni jengo tu, asitarajie nimjibu kwa upole.

Basi kamati ya maendeleo ikaamua libomolewe.

Hawakusema kubomoa. Walisema "kuboresha". Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye maduka mjini na sauti ya kuzoea maikrofoni, alikuja na mchoro mkubwa wa rangi: ghorofa, vioo vya buluu, maduka chini, kanisa juu, na mbele yake magari ambayo hakuna mshiriki wetu anayo. Uwanja wa kanisa umekaa pazuri kando ya barabara, alisema, na ni dhambi kuuacha ulale bure. Dhambi! Alitumia neno hilo hilo, ndani ya kanisa, chini ya paa langu.

Nilisimama nikasema kuta ni nzima, paa ni zima, na kama wanataka maduka kuna kipande cha chini karibu na barabara ambacho hakina kitu. Kijana mmoja wa kwaya, namjua tangu abatizwe, akaniambia, "Mzee, hii kanisa ni ya kitambo sana. Ata haina parking. Tunataka kitu iko na class."

Huyo nilimvumilia, ni mtoto. Mwenyekiti ndiye sikumvumilia. Alitabasamu akasema, "Fundi Odhiambo, tunaheshimu umri wako. Lakini kwenu si ni huko chini ziwani? Kwa nini usiende ukahifadhi kanisa la kwenu?"

Watu wengine wakacheka. Nimeishi hapa maisha yangu yote. Nimeoa hapa, watoto wangu wanaota kwa Kipsigis. Niliketi. Hadi leo nikikumbuka kile kicheko nashindwa kumaliza chai yangu.

Kura ikapigwa, wakashinda. Kontrakta akapatikana: Kiplangat, kijana wa hapa hapa, ana lori zake na tingatinga la kukodi, mchapakazi kweli. Mimi sina ubaya na mtu anayetafuta mkate. Tatizo lake lilikuwa moja tu, na kamati yenye wasomi wote wale haikulifikiria: Kiplangat alikuwa ameoa binti wa Gogo Taprandich.

Asubuhi ya kubomoa tulikuta Gogo Taprandich ameketi kwenye kizingiti cha mlango mkubwa. Alikuwa na kigoda chake, kanga mabegani, na sinia la mboga za managu mapajani. Wanawake wenzake wa chama walikuwa nyuma yake wakiomba na kuimba. Yeye haombi, haimbi. Anachambua managu, majani huku, vijiti kule.

Kiplangat alishuka kwenye lori, akapiga hatua mbili tatu, akamwona. Akageuka akatazama majani ya chai upande wa pili wa barabara. Nyinyi wa siku hizi mnawapigia mama wakwe zenu simu na kuwaita "mum", sawa, hayo ni yenu. Nyumba ya Gogo Taprandich haikuwa hivyo. Kiplangat hakuwahi kumpa mkono mwanamke yule, hakuwahi kula mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye aliyeingia kwenye majani ya chai ampishe. Sasa angemwambia nini? Ondoka nivunje?

Nilimsikia akimpigia mwenyekiti simu.

"Mwenyekiti, siwezi. Mama mkwe ako kwa mlango."

Sauti ya huko ilikuwa kali hata mimi niliisikia: "Mwambie atoke!"

"Nani amwambie? Mimi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kwa sababu balaa hilo nalijua. Nilipokuwa nimeoa karibuni, nilikuwa juu ya paa lile lile nikibadilisha vigae, nimevaa kaptula iliyochanika mahali pabaya. Mawingu yakaja ghafla. Nikawa nashuka, kumbe mama mkwe wangu, marehemu sasa, amekimbilia kujikinga chini ya ukingo wa paa, pale pale mguuni pa ngazi. Nishuke vipi? Juu ya kichwa cha mama mkwe, na kaptula ile? Nikarudi juu nikalala kifudifudi. Mvua ya mawe ikanichapa mgongo wote. Arap Sigei alikuwa mlangoni, aliniona, akamletea mama mkwe kiti akae vizuri asichoke. Alinieleza baadaye kwamba alitaka kuona kama vigae nilivyopiga vinavuja, na kwamba fundi bora zaidi wa kukagua ni yule asiyeweza kushuka.

Kwa hiyo nilijua Kiplangat hawezi kupita. Gogo akarudi kesho yake na managu mengine, na kesho kutwa. Lori likaondoka, tingatinga likarudishwa kwa mwenyewe. Gogo hakusema neno lolote kwa mkwe wake, wala yeye kwake. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi mjinga nikadhani tumeshinda.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo uovu wenyewe ulipo. Mtu anayetaka kubomoa jengo na akazuiwa hahitaji tingatinga tena. Anahitaji mvua tu.

Kwanza walijifanya wanalipenda. Kulikuwa na mheshimiwa anakuja kwenye harambee, mwenyekiti akasema paa lisafishwe, lina kuvu. Kuvu ile inaondolewa kwa mkono, na ufagio laini, siku kavu, ukianzia juu. Wao walileta nani? Vijana wa kuosha magari na mashine yao ya kusukuma maji. Nilikuwa Bomet kwa binti yangu. Niliporudi nilikuta vigae vimetapakaa uwanjani, kimoja kimeingia ndani na kulala juu ya mimbari. Wale vijana walifurahi kweli, waliniambia, "Mzee, imetakata!" Sikuwalaumu. Wao waliambiwa waoshe, wakaosha kama wanavyoosha matatu. Waliokwenda kuwaita ndio niliotaka kuwashika shingo.

Upande wa kusini ukabaki na shimo la kupita kichwa cha mtu. Kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayejua. Nilikuwa na vigae nyumbani nimevipasua mwenyewe, vimekauka. Nikaenda na magoti yangu haya mabovu kuchukua ngazi ya kanisa kwenye stoo. Nikakuta kufuli jipya.

"Ni kwa usalama, fundi," mwenyekiti aliniambia. "Hakuna kupanda mpaka injinia akague."

"Injinia anakuja lini?"

"Tumemwandikia."

Sikuliamini neno hilo hata kidogo. Nikaleta ngazi yangu ya nyumbani, fupi, haikufika. Nikaomba ya shule, nikaambiwa kamati imekataza. Mvua ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia. Rangi ya ukuta ikaanza kubabuka, benchi mbili zikaoza miguu. Kila Jumapili mwenyekiti alitazama juu, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyemnyima dawa mwenyewe. Na washiriki, watu wazima wenye akili, wakaanza kusema, "Kweli, hii kanisa imezeeka."

Haikuzeeka! Ilikuwa inauawa, na muuaji alikuwa anasoma matangazo!

Gogo Taprandich akafariki msimu huo wa mvua. Alikuwa ameomba ibada yake ifanyike kanisani kabla ya kupelekwa nyumbani kuzikwa. Jeneza likawekwa mbele, watu wakajaa mpaka nje. Kiplangat alikuwa nje, karibu na dirisha, suti nyeusi, kama mkwe anayejua nafasi yake.

Katikati ya wimbo wa pili mvua ikaanza. Tone likadondoka juu ya jeneza. Likafuata jingine. Wajukuu wakalisogeza jeneza, lakini maji yalikuwa yanatembea na boriti na kudondoka pale pale lilipohamishiwa. Pembeni hapakuwa na nafasi, watu wamebanana. Mwishowe mtu akaleta beseni la plastiki, la manjano, la kuoshea vyombo, akaliweka juu ya jeneza la mwanamke aliyebeba changarawe ya kanisa hilo kwa kikapu. Tukaendelea kuimba. Kila tukivuta pumzi tulisikia tone likipiga plastiki.

Mwenyekiti akapanda kutoa salamu za kamati. Alisema mazuri ya marehemu. Halafu akanyoosha mkono kuelekea lile beseni.

"Mnajionea wenyewe," akasema. "Mama yetu ananyeshewa hata kwenye jeneza lake. Ndiyo sababu tunasema, hili gofu..."

Hakumaliza. Mimi sikumbuki nikisimama, ila nakumbuka sauti yangu ikigonga ukuta wa mbele na kunirudia.

"Ngazi iko wapi? Shimo hilo ni kazi ya asubuhi moja! Vigae ninavyo nyumbani! Ufunguo wa stoo uko kwa mfuko wako, mwenyekiti, hapo hapo unaposhika!"

Na kweli alikuwa ameshika mfuko.

Watu wakaanza kuninyamazisha, kwamba ni mazishi, kwamba niwe na heshima. Heshima! Kisha tukasikia kishindo kutoka nyuma ya kanisa, chuma kikipiga chuma. Nikatoka. Kiplangat alikuwa ametoa nyundo kwenye gari lake na alikuwa anavunja lile kufuli. Hakuniangalia. Alibeba ngazi ndefu peke yake, akaiegemeza upande wa kusini, akaniuliza, "Mzee, shimo iko wapi?"

"Juu ya dirisha la tatu," nikamwambia. "Kanyaga penye misumari. Katikati ya kigae usikanyage, utapasua kingine."

Akapanda na viatu vyake vya mazishi, mvua ikimpiga usoni. Vigae vilikuwa nyumbani kwangu na hapakuwa na muda. Alivua koti la suti akaliziba shimo, upepo ukalifunua. Basi akalala juu yake. Alilala kifudifudi juu ya paa alilokuwa amelipwa kulibomoa, mikono ameitandaza, mama mkwe wake akiwa chini yake ndani. Wimbo wa ndani ukaendelea. Aliyetoka baadaye aliniambia matone yalikoma na wakaliondoa lile beseni.

Hakushuka mpaka jeneza lilipotolewa na kuingizwa kwenye gari.

Mmenizunguka na maswali tangu siku ile, mnasema video ile imefika mpaka Nairobi. Najua imefika. Nilikuwa mguuni pa ngazi, kwenye matope, nimeishika kwa mikono miwili, kwa sababu ardhi ilikuwa inateleza na mtu akianguka kutoka pale anakufa. Nikageuza kichwa kutafuta mwenye nguvu anisaidie. Mlikuwa vijana wengi kwenye nyasi, wengine niliwatengenezea mabenchi ya kukalia kwa mikono hii hii. Kila mmoja wenu alikuwa ameinua simu.